Wasia wa Mtu Mzima

Kuna watu wakiambiwa na daktari kuwa ni wazima, humshukuru Mungu, wakanunua soda baridi njiani na kurudi zao nyumbani. Nunu aliambiwa mzima akataka kupigana.

"Mama, moyo wako ni mzuri kabisa," alisema Daktari Kamugisha, akiigeuza karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka ili Nunu naye aione. "Tumepima umeme wa moyo. Tumeupiga picha ukiwa kazini. Ulivaa ile mashine mchana na usiku. Damu iko sawa, tezi ya shingo iko sawa. Unakwenda mbio, hilo sikatai, lakini ni mbio za moyo mzima."

"Mbio za moyo mzima ndiyo nini, daktari? Nimekaa kitako nachambua mchele, moyo unataka kutoka kifuani. Huo ndio uzima?"

"Ni wasiwasi," alisema daktari. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, anayetamka kila neno mpaka mwisho wake. "Unausikiliza sana moyo wako. Ukiusikiliza unaogopa, ukiogopa nao unaongeza mwendo, ukiongeza mwendo unazidi kuusikiliza. Tunao wenzetu wa ushauri nasaha hapa hapa. Nitakuandikia ukazungumze nao, wanasaidia sana watu."

Ushauri nasaha! Nunu alimgeukia Walid, mumewe, akitegemea aseme neno la kiume. Walid alikuwa anapumua kwa raha kama mtu aliyetua mfuko wa saruji. Alinyanyuka, akampa daktari mkono, akamshukuru mpaka ikawa aibu. Walipotoka kwenye korido Nunu hakusema naye, na karatasi ya ushauri nasaha aliikunja ikawa ndogo akaidondosha kwenye pipa la taka pale mlangoni, Walid akimwona.

Nyumbani kwao Goba palikuwa na nyumba mbili ndani ya ua mmoja, urithi wa marehemu baba yake Walid. Ya mbele walikaa Walid na Nunu, na duka lao la vifaa vya ujenzi likitazama barabara. Ya nyuma alikaa Alya, dada mkubwa wa Walid, mjane. Upande ule wote wa Goba, mwanamke wa Kiislamu akifariki, Bi Alya alikuwa akiitwa kabla hata sheikh hajapigiwa simu. Ndiye aliyekuwa mwosha maiti. Alikuwa na begi lake la kafuri, pamba na udi, na alikuwa na heshima iliyowafanya hata wanaume wampishe njiani.

Siku hiyo alikuwa amekaa barazani akiwangoja.

"Haya, wamesema nini?"

"Alhamdulillahi, dada," Walid alijibu kabla Nunu hajafungua mdomo. "Hana kitu. Daktari kasema ni wasiwasi tu."

Laiti angesema neno jingine. Kwa daktari wa Bukoba, wasiwasi ni hofu, basi. Lakini katika nyumba ile, ambako watoto walisoma juzuu kabla ya kusoma a-e-i-o-u, wasiwasi ni kazi ya Shetani. Mwenye wasiwasi hutia udhu akautilia shaka, akatia tena. Husimama kuswali akasahau yuko rakaa ya ngapi. Huosha kikombe kisafi mpaka kikapauka. Mtu wa namna hiyo huonewa huruma kwa sauti ya chini na haachiwi jambo la maana mkononi. Walid alizijua maana zote mbili wala hakujisumbua kuzitenganisha, na kwa hilo Nunu hakumsamehe.

"Wasiwasi!" alisema Alya, akapiga makofi ya taratibu. "Si nilisema? Mie nilisema zamani."

*

Kabla ya wiki kwisha neno lilikuwa limeshazunguka mtaa. Nunu, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akianzisha Yasini wanawake wakikusanyika, alifika kwenye kisomo akakuta msahafu uko kwa mwingine. "Mpumzisheni Nunu," mtu alisema kwa upole, "si unajua tena, ana wasiwasi." Kwenye shughuli akishika ungo wa mchele, kuna mkono uliompokonya ungo huku ukicheka: "Weye utaurudia mpaka kesho!" Dukani kwake mwenyewe, fundi aliyekuja kununua misumari alimwuliza kama misumari ile ameihakikisha au amepata shaka.

Na moyo, ukimwuliza Nunu, ulikuwa haujali mzaha. Ulianza wenyewe, bila taarifa. Vidole viwili vilikuwa vimeshazoea njia ya chini ya taya, palipo na mshipa, na vikishafika pale havibanduki. Aliacha kupanda kile kilima cha kwenda sokoni. Aliacha kahawa. Kwenye mikusanyiko alikaa karibu na mlango, ili akidondoka wasipate tabu ya kumtoa. Akilala alilalia ubavu wa kulia, maana akilalia wa kushoto moyo uliugonga mto kama mtu anayebisha hodi.

Hapa kuna jambo ambalo Nunu asingelikiri hata kwa kushikiwa panga. Moyo ukishashika kasi, na Walid yuko dukani, alikuwa anavuka ua hadi kwa Alya. Alijidai kwenda kuomba chumvi, au kibiriti, au kuuliza kama maji ya bomba yametoka. Alya alimtazama usoni mara moja tu.

"Umeshaanza? Huna kitu weye. Mie nimewaona wanaokufa, Nunu. Hawatembei kuomba chumvi."

Nunu alirudi kwake na kile kichumvi mkononi, akimtukana wifi yake kimoyomoyo matusi ambayo kwao hayatukanwi. Na akiwa bado anatukana, moyo ulikuwa umeshatulia. Daktari na mashine zake zote hakuweza kumpa hata robo ya utulivu ule. Alimchukia Alya kwa dharau yake, na kwa dharau hiyo hiyo aliweza kulala.

*

Mwajabu, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa anamwoza binti yake. Siku moja kabla ya harusi wanawake walijaa uani kwake kumenya vitunguu na kukatakata nyama, na vijana walikuwa wamewasha spika, singeli inakwenda kwa ile kasi yake ya kuchanganya akili. Nunu alikaa karibu na geti na sinia la vitunguu saumu. Moyo ulianza. Vidole vikapanda shingoni.

"Hebu zimeni mziki!" Alya alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Zimeni! Nunu anahesabu."

Wakazima. Watu wakageuka, visu mkononi. Nunu akateremsha vidole haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari, na hapo akawa ameshajimaliza mwenyewe. Alya akachukua sufuria tupu, akaipindua, akaiweka mapajani.

"Mziki wa nini nyie, na tunao wetu wa nyumbani? Ngojeni niwapigie moyo wa wifi yangu."

Akaanza kuipiga sufuria kwa vidole, taratibu, du-du, du-du, halafu akaongeza, akaongeza tena, mpaka ikawa mvua ya mawe juu ya bati. Wanawake walivunjika mbavu. Mwajabu mwenyewe, mama wa harusi, alitupa kisu akaingia katikati kucheza, mikono kiunoni, mwili wote unatetemeka, na akina dada wawili wakamfuata. "Singeli ya Nunu!" mmoja alipiga kelele. Mwingine alikuwa ameshatoa simu anarekodi. Alya alipiga huku amemkazia macho Nunu, na machoni hamkuwa na ubaya mkubwa. Alikuwa anafurahi tu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Nunu akasimama. Maganda ya vitunguu saumu yakamwagika toka mapajani.

"Nyie wote nisikilizeni," alisema. "Naomba muwe mashahidi wangu."

Sauti yake ilikuwa ya chini na haikutetemeka, wakanyamaza mmoja mmoja mpaka sufuria nayo ikanyamaza.

"Mie Nunu binti Usama natoa wasia. Siku nikifa, Alya asinioshe. Asinivue nguo, asinimwagie maji, asinivike sanda. Asiingie hata chumba nitakacholazwa. Akinigusa kwa kidole, nitamdai kesho mbele ya Mungu, na nyie mliosikia nitawaita mtoe ushahidi."

Aliyekuwa anarekodi akateremsha simu. Mwajabu alibaki na mikono kiunoni, hajui aishushe au aiache. Nunu aliokota kanga yake, akajitanda, akatoka. Alifika nusu ya njia ndipo alipokumbuka kupeleka vidole shingoni, akakuta moyo unakwenda polepole kama saa ya ukutani. Akacheka peke yake barabarani.

*

Kila kazi ina siri yake, na siri ya mwosha maiti ni kufunga mdomo. Alichokiona pale kitandani, kovu, ugonjwa, aibu, hukizika pamoja na mwenyewe. Watu walimwamini Alya kwa sababu hiyo, na sasa walianza kuulizana. Wifi mtu, wanayekaa ua mmoja, anamkataa hadharani: kajua nini? Na mwanamke anayeweza kuupigia sufuria moyo wa mtu aliye hai, maiti asiyeweza kujitetea atamfanyaje akishatoka mle chumbani? Na kila mmoja aliongeza chumvi yake kidogo.

Haikupita muda akafariki bibi mmoja upande wa bondeni. Alya alisikia tangazo la msikitini. Akaoga, akavaa, akaweka begi lake miguuni na kukaa barazani kungoja kuitwa. Akangoja. Watu walipita wakamsalimia, "Shikamoo Bi Alya," wakateremka bondeni. Baadaye ikajulikana kwamba wafiwa wameleta mwosha kutoka mbali huko. Jeneza lilipopita barabarani Alya alikuwa bado amekaa pale pale, begi miguuni, amevaa vizuri.

Nunu alikuwa dirishani. Aliona yote, pazia limefunguka upana wa jicho. Furaha aliyoipata ilikuwa mbaya na ilikuwa tamu, akaila yote bila kumbakizia mtu. "Piga sufuria sasa," alisema kimya kimya. "Piga tucheze."

Jioni hiyo Auleria, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga nyumba ya jirani, alimkuta anaanua nguo. Auleria alikuwa Mhaya, Mkatoliki, na mambo ya ua ule yalimshangaza kila siku.

"Waitu, jirani, niulize kitu? Huo wasia wako. Kwani wewe unakufa lini?"

"Mwalimu, hayo anajua Mungu."

"Si daktari alisema huna kitu?"

"Hata weye?" Nunu alivuta shuka kwenye kamba kwa nguvu, kibanio kikaruka. "Mtu akikwambia anaumwa, kuna ugumu gani kusema pole?"

"Pole," alisema Auleria haraka.

"Hiyo umeisema kwa kuombwa."

"Lakini yule mama anateseka," alisema Auleria. "Leo nimemwona pale barazani, nimeona huruma. Wewe unataka nini kwake?"

Nunu alikunja shuka kwanza, pembe kwa pembe. Alijua sawasawa anachotaka. Alikuwa akikitaka tangu siku ile ya kutoka hospitali, na wakati mwingine alikisema kwa sauti akiwa peke yake jikoni.

"Nataka aseme naumwa," alijibu. "Mbele ya watu wale wale aliowachezesha. Aseme kwa mdomo wake: Nunu anaumwa, na mie nilikuwa namcheka mgonjwa. Akishasema hivyo, anioshe hata kesho."

*

Walid alihangaika. Ile video ya singeli ilimfikia dukani kwenye simu ya mteja, mteja akicheka, na ilimbidi naye acheke kidogo ili asiharibu biashara. Kwa mkewe alibembeleza. "Dada ndiye kanilea, Nunu. Mama alipokufa mie nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Leo anakaa ndani kama mwali kwa sababu yako. Futa maneno yale, wallahi nitakupeleka hospitali yoyote unayotaka." Nunu alimwuliza kama siku ya kucheka na mteja naye alikumbuka kuwa ana mke. Kesho yake Walid akampigia simu Ami Hilal.

Ami Hilal alikuwa mdogo wa marehemu baba yao, mwenye duka la vitambaa Temeke tangu enzi, na ndiye aliyekuwa amebaki kuamua mambo ya ukoo. Alikuja baada ya swala ya alasiri, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akakaa kwenye kochi kubwa la sebuleni kwa Walid. Mwajabu aliitwa kama shahidi, na wale akina dada wawili waliocheza. Alya aliingia mwisho. Alikuwa amepungua mwili kidogo. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya hospitali, na Nunu alipoiona akajua imetoka kwenye kabati la chumbani kwake, na nani kaitoa. Walid alikuwa anatazama zulia.

"Ami," alisema Alya baada ya salamu, "mie sina maneno mengi. Wifi yangu ametoa wasia kama mtu aliye kitandani. Naomba nisome hizi, watu wasikie kama yuko kitandani."

Akavaa miwani, akaanza kusoma. Akasoma jina. Akasoma umri, miaka yote, ile ambayo Nunu hata Mwajabu alimficha kwa kujipunguzia, na mmoja wa akina dada akaguna. Akasoma uzito. Halafu akaingia kwenye vipimo. "Umeme wa moyo, kawaida. Picha ya moyo, kawaida. Damu, kawaida. Tezi, kawaida. Na hapa chini daktari kaandika tena, kila kitu kawaida." Akavua miwani, akampa Ami Hilal bahasha kwa mikono miwili.

"Basi mwanangu," Ami Hilal alimwambia Nunu, kwa sauti ya kumaliza jambo, "tumshukuru Mungu. Wewe mzima. Mpe wifi yako mkono, yaishe."

Nunu alikuwa amekaa, amejitanda vizuri. Umri wake ulikuwa bado unaning'inia hewani pale sebuleni.

"Ami, shikamoo tena. Nataka nisikie vizuri, nisije nikakosea. Mie mzima?"

"Mzima."

"Mwili na akili?"

"Makaratasi haya hapa. Mzima kabisa."

"Na weye wifi unasemaje? Mie mzima?"

"Mzima kutushinda sie wote!" alisema Alya.

"Alhamdulillahi." Nunu akaweka mikono mapajani. "Basi hakuna cha kufuta. Ingekuwa naumwa, mngesema maradhi yamemzidi, kaogopa kufa, hajui asemalo, asamehewe. Lakini mmenipima na mmenisomea mbele ya watu. Mtu mzima mwenye akili zake katoa wasia, na wasia wa mtu mzima haufutwi na kikao. Niliyoyasema kwa Mwajabu nayarudia hapa. Alya asinioshe."

Ami Hilal alizikunakuna ndevu zake. Alikuwa mtu wa hoja, na hoja nzuri ilimkuna hata ikiwa imempiga yeye.

"Hapo ana neno," alisema taratibu. "Maneno ya mgonjwa yana udhuru. Ya mzima yanashikwa."

"Ami!" Alya alisimama.

"Keti, mwanangu. Nimesema yanashikwa."

"Chagua, wifi," alisema Nunu, na moyo wake ulikuwa shwari, shwari kabisa, hajawahi kuusikia shwari namna ile. "Mie mzima, na wasia umesimama mpaka naingia kaburini. Au mie mgonjwa, na weye ulikuwa unampigia mgonjwa sufuria. Moja katika hayo mawili. Watu wanakungoja."

Alya alikaa. Aliitazama bahasha mikononi mwa Ami Hilal, akamtazama Mwajabu, ambaye aliangalia pembeni. Alitazama viganja vyake mwenyewe, vile vilivyoosha nusu ya mama zao watu wa mtaa ule, na vilivyokuwa vimekaa bure siku zote hizo. Alipoinua uso, hata sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti yake ya misibani.

"Ami, nimekosa. Wifi yangu anaumwa."

"Sema kwa nguvu," alisema Nunu. "Mwajabu hajasikia."

"Nunu anaumwa. Na mie nilikuwa namcheka mgonjwa. Namwomba radhi."

Nunu alifumba macho. Alikuwa ameshaiota saa ile mara nyingi sana, na kwa kweli ilikuwa tamu kuliko alivyoiota. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mwenye njaa ya muda mrefu hajui pa kuacha, na Nunu alitaka zaidi.

"Tangu lini unajua kama naumwa?" aliuliza. "Waambie."

Alya akavuta ncha ya mtandio wake akaishikilia karibu na macho.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Nisameheni, nilitaka nife nalo. Hizi mashine zinaona zinachokiona, Ami, mie sizikatai. Lakini mie nimeosha wengi. Wale wa ghafla, wanaokatika wima, ambao jana ulimwona sokoni, wana rangi yao kwenye kucha. Unaiona ukiwashika mkono kuwatia udhu wa mwisho. Haifanani na nyingine. Mwaka jana Nunu alinipokeza bakuli pale mlangoni, nikaiona kwake."

Nunu alijikuta amekunja vidole ndani ya kanga.

"Nikasema, nikimwambia nitamuua kabla ya siku zake. Bora nimfanyie mzaha, acheke, akasirike, ajione mzima. Kila alipokuja kwangu kuomba chumvi nilimwambia huna kitu weye. Akishaondoka nafunga mlango, nalia. Siku ile kwa Mwajabu alikuwa amebadilika uso, niliogopa, nikachukua sufuria ili watu wasimwone."

"Yarabi!" Mwajabu alilia kwa sauti. Alinyanyuka, akaja akamkumbatia Nunu, machozi yanamtiririka shingoni kwake. Akina dada nao wakaja. "Pole Nunu. Pole sana, tusamehe." Walid alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Ami Hilal alitamka kwamba maneno ya mgonjwa yana udhuru, wasia ule umefutika, na akasoma Fatiha, wote wakaitikia amina. Pole zilimwangukia Nunu toka kila upande, zile alizozililia, nyingi mpaka hakuweza kuzipokea zote.

Juu ya bega la Mwajabu aliyaona macho ya wifi yake, nyuma ya ule mtandio. Yalikuwa makavu. Au labda alikuwa ameshayafuta, Nunu hakuweza kujua. Moyo wake ulianza kwenda.

*

Alya akarudi mjini, kama wasemavyo, na heshima yake yote. Watu walisimulia alivyobeba siri ya wifi yake mwaka mzima, akikubali kuonekana mbaya, na wakasema huyo ndiye mwosha. Msiba uliofuata walimfuata kwa gari.

Nunu naye alipata alichokitaka. Walikuja kumwona kwa zamu, na machungwa, na dua. Walikaa ukingoni mwa kochi wakiongea kwa sauti ndogo, na wakiondoka walimtazama kidogo zaidi, kama watu wanaoaga. Fundi wa misumari alimwita mama na hakumtania tena. Kila asubuhi Alya alivuka ua na bakuli la uji wa pilipili manga. Akimwona Nunu na ndoo alimpokonya, "Hapana, mgonjwa wangu, acha hiyo," na mtaa mzima ulisikia. Siku hizo Nunu alikuwa anatoa mkono dirishani penye jua, akizitazama kucha. Zilikuwa na weupe. Au zilikuwa na ubuluu. Zilikuwa kucha.

Alirudi hospitali bila kumwambia mtu. Daktari Kamugisha alimpima tena, akazishika kucha zake, akaweka na zake kando ili azilinganishe.

"Kucha nzuri, mama. Moyo mzuri. Huna ugonjwa."

"Rudia, daktari."

Akarudia, kwa upole, neno kwa neno. Safari hii Nunu alitaka kumwamini, alitaka kwa nguvu zake zote. Lakini huyu alikuwa msomi wa watu, hakumwona hata mmoja kati ya wale wa kwenda ghafla akiwa amelala juu ya kitanda cha kuoshea. Maneno yake yalipita tu. Karatasi ya ushauri nasaha aliyompa safari hii aliitia kwenye pochi, na huko ikabaki.

Aliporudi hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya nyuma, mikono mitupu, wala hakusingizia chumvi. Alya alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua pamba, akiipanga kwenye begi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, mgonjwa wangu. Mbona umetembea? Si ungeniita."

Nunu akakaa chini mbele yake. Moyo ulikuwa unakwenda mpaka kitambaa cha dera kifuani kilionekana kuchezacheza.

"Wifi, tuseme kweli, hapa tuko wawili. Yale ulisema kwa hasira. Mie nilikubana mbele ya watu, nawe ukanilipa. Sawa. Nimelipwa, nimekoma. Sasa niambie kama zamani."

"Nikwambie nini?"

"Unajua."

"Sijui, Nunu."

"Niambie sina kitu."

Alya akaweka pamba pembeni. Akauchukua mkono wa Nunu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akazitazama kucha moja baada ya nyingine, kwa makini, bila haraka. Uso wake haukusema chochote. Ulikuwa ni ule uso ambao watu wote wa Goba waliuamini.

"Ulitaka niseme unaumwa," alisema. "Nikasema, mbele ya Ami, mbele ya mashahidi. Mie ni mtu mzima, wifi. Siwezi kuwa na kauli mbili."

"Nakuomba. Mara moja tu. Hata kama ni uongo."

Alya akamrudishia mkono wake mapajani, taratibu, akaunyoosha kidole kwa kidole.

"Kalale, mama," alisema. "Wala usiogope, mie nipo. Nitakuosha mwenyewe, kwa mikono yangu, vizuri."